Mikebe Sita ya Kocha Sabir

Chumba cha mazoezi cha Sabir kilikuwa ghorofani pale Kibokoni, juu ya duka la vitambaa, na watu wa Mji wa Kale walimwita Kocha tangu enzi ambazo wanafunzi wake wa sasa walikuwa bado wachanga. Katika ujana wake aliwahi kushinda mashindano ya kutunisha misuli ya Pwani. Picha ya siku ile, amejipaka mafuta na kukaza mikono, ilitundikwa ukutani mkabala na mlango, na kila aliyepanda ngazi ilimlaki kwanza kabla ya mwenyewe.

Somo lake lilikuwa moja. Kula kidogo kidogo, kula mara sita kwa siku. Mwili, alisema, ni jiko la makaa, usipolichochea linazimika. Yeye mwenyewe hakuachana na mkoba wenye mikebe sita, na kila baada ya saa tatu alifungua mmoja akala alichokuta, iwe yai, iwe kiazi kitamu, iwe kipande cha samaki wa kuchoma. Hata matangani alijiiba kidogo, akaenda kando kula yai lake, kisha akarudi kukaa na wenzake. Wanafunzi walimcheka kwa mapenzi, na walimfuata.

Mikebe hiyo aliitayarisha mkewe, Mwanakhamis. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akachemsha, akachoma, akapika mbaazi zisizo na tui kwa kuwa mumewe hakutaka tui, akaipanga mikebe mkobani kwa jinsi itakavyofuatana kuliwa. Kazi hiyo aliianza alipoolewa na hakuiacha ila siku za uzazi na mwezi wa Ramadhani.

Alipovuka miaka hamsini, tumbo la Sabir lilianza kumtangulia. Alipunguza viazi, akaongeza kuruka kamba, lakini tumbo halikurudi. Wanafunzi hawakusema kitu, naye akaanza kuvaa fulana pana. Siku moja alikuja mgeni kuulizia darasa. Yule mgeni aliitazama picha ya ukutani, akamtazama Sabir, akauliza kwa adabu, "Huyu ni mdogo wako?"

Sabir alisema ndiyo, ni mdogo wake.

Siku zile zile kulitokea jambo jingine darasani. Nicodemus, dereva wa mtambo wa kubebea makontena huko Shimanzi, alisimama akasema mbele ya wenzake kwamba hawezi tena na mara sita.

"Kocha, nikishapanda mtambo sishuki mpaka mchana. Kwa hivyo nimeamua kula mara mbili tu, mchana na jioni. Asubuhi nakunywa maji. Nimeona mwili wangu umeitikia."

"Wajiua na njaa, Nicodemus," Sabir akamjibu. "Mwili ukikosa chakula utakula misuli yako. Mwaka ujao utaletwa hapa kwa mkeka."

Chumba kizima kilicheka. Nicodemus naye alicheka kidogo, akaenda kwenye vyuma vyake. Tangu hapo hakuzungumzia tena habari za chakula.

Ramadhani ikaja ikapita, na baada ya Idi Sabir alifunga zile siku sita za sunna kama kila mwaka. Safari hii tumbo lilikuwa limemvuruga, hivyo hata wakati wa kufuturu hakula sana. Siku ya mwisho alipofunga mkanda, aliona umelegea. Uliingia tundu jingine, akalitazama kwa muda. Kesho yake hakunuia ibada yoyote. Alikunywa maji, lakini hakula kitu mpaka adhuhuri, na baada ya magharibi akafunga mdomo. Akafanya vivyo hivyo siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, na mwezi.

Mwili ukashuka. Mabega yakajitokeza tena, tumbo likaingia ndani. Fulana pana akaziweka kando. Ndipo wanafunzi walipomzunguka jioni moja, wakamuuliza amefanya nini.

"Ni ile mikebe sita," akasema. Neno lilimtoka kabla hajafikiri, na lilipokwisha kutoka hakuona pa kulirudishia. Nicodemus alikuwa amekaa kwenye benchi hatua chache kutoka pale, akifuta jasho, na Sabir hakumtazama.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi alipokea mkoba kutoka mikononi mwa mkewe, akapita nyuma ya soko la samaki, akafungua mikebe akawamwagia paka. Mkebe mmoja au miwili aliibakisha kwa chakula cha mchana. Jioni alirudi na mikebe mitupu, na Mwanakhamis akaiosha.

Njiani palikuwa na baraza ya Ustadh Khubaib, mwalimu wa madrasa, ambaye kila asubuhi hukaa na kahawa na haluwa. Katika zile siku sita Ustadh alimkaribisha, Sabir akajibu, "Nimefunga, Ustadh," na ilikuwa kweli. Siku zile zilipokwisha Ustadh alimkaribisha tena. Kueleza habari za kula adhuhuri na kuacha magharibi kulikuwa na maneno mengi, na Ustadh si mtu wa kuficha habari. Sabir akajibu yale yale, "Nimefunga." Mwisho Ustadh akawa hamkaribishi tena. Humwinulia mkono na kumwambia, "Ukifuturu, utukumbuke kwa dua." Sabir huitikia, kisha huharakisha hatua.

Kilichomkaa rohoni zaidi ni siku ya Rispah. Huyu alikuwa msichana wa mtaa wa Tudor, muuzaji katika duka la simu karibu na Feri, na kwa miezi minne alikuwa amefuata somo la Kocha bila kukosa darasa. Siku hiyo, baada ya darasa la asubuhi, alibaki nyuma wenzake walipoteremka.

"Kocha, nafikiri mimi nina kasoro," alisema. "Nakula kidogo, nakula mara sita kama ulivyotufundisha, na kila nikipanda mizani nazidi. Wewe una umri wa baba yangu na umepungua mbele ya macho yetu. Mamangu alisema tangu utotoni kwamba mimi sina msimamo. Naona alisema kweli."

Alijifuta macho kwa taulo akijifanya anafuta jasho. Sabir alikuwa amesimama na mkoba begani, na tumboni hamkuwa na kitu tangu jana yake. Alijua pale ndipo pa kusema. Akatazama dirishani.

"Vumilia," akamwambia. "Usiruke hata mlo mmoja."

Rispah alimshukuru. Aliposhuka ngazi, Sabir alikaa kwenye benchi peke yake, uso ukimwaka moto kama mtu aliyezabwa kofi.

Jambo lenyewe lilifichuka kwa njia ya heri. Mwanakhamis alikuwa akirudi kutoka sokoni na kikapu chake, na alipofika barazani Ustadh Khubaib alimsimamisha.

"Sabalkheri, Bi Mwanakhamis. Mumeo ametushinda sote. Miezi yote hii sijamkuta ila amefunga. Mwenyezi Mungu amkubalie."

Mwanakhamis alikuwa amefunika mikebe sita alfajiri ile kwa mikono yake. Hakuonyesha lolote usoni. Alisema, "Amin, Ustadh," akashika njia.

Sabir aliporudi alasiri alimkuta mkewe amekaa jikoni, mikono mapajani, jiko halijawashwa.

"Baba Hussam, wafunga siku hizi?"

"La, sifungi."

"Basi Ustadh Khubaib amesema uongo."

Sabir akautua mkoba sakafuni.

"Chakula changu chaenda wapi?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kusema, na yote yalimpitia kichwani. "Kwa paka," akasema. "Wale wa nyuma ya soko la samaki."

Akamweleza yote, mkanda, mgeni na ile picha, Nicodemus, mpaka Rispah. Mwanakhamis alimsikiliza bila ya kumkatiza. Alipomaliza, mkewe alinyoosha mguu wa kulia taratibu, akajikanda goti.

"Goti hili laniuma tangu mwaka juzi," alisema. "Kila alfajiri nilikuwa nikilisimamisha kwa kushika ukuta. Ungeniambia, ningelala."

"Niliona haya. Miaka yote hii nimewaambia watu neno moja."

"Uliona haya kwa watu," Mwanakhamis akasema. "Kwangu hukuona."

Hakupandisha sauti. Usiku ule walikula mkate na chai. Asubuhi Sabir aliamka akakuta jikoni giza na mkoba umening'inia msumarini, mtupu. Mkewe alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Sabir akavaa viatu.

Siku hiyo hakwenda moja kwa moja Kibokoni. Alikaa barazani kwa Ustadh bila ya kualikwa, akamwambia kwamba hakuwa amefunga, kwamba tangu zile siku sita zilipokwisha hajafunga hata siku moja. Ustadh Khubaib aliweka kikombe chini.

"Nami kila nikikuona nilijiona mzembe," alisema baadaye. "Nikisema, huyu afanya kazi ya kunyanyua vyuma na amefunga, na mimi nimekaa na haluwa." Hakumlaumu zaidi ya hapo, lakini hakumwangalia usoni, na Sabir aliaga mapema.

Jumamosi, darasa likiwa limejaa, aliwaambia kabla hawajashika chuma. Alisema amewadanganya. Kilichompunguza si mikebe sita, ni kula mara mbili na kuacha, jambo lile lile alilomchekea Nicodemus.

"Uliponicheka ulikuwa hujaanza," Nicodemus alisema polepole. "Hilo nalielewa, ulikuwa hujui. Lakini ulipoanza nilikuwa papa hapa."

"Ulikuwa papa hapa."

Rispah alisimama. "Na siku ile niliyobaki nyuma?"

"Siku ile nilikuwa sijala tangu jana yake."

Rispah alichukua mkoba wake akashuka ngazi, na wengine wakamfuata. Habari ilizunguka vichochoro vyote kabla ya jioni. Vijana wa mtaani wakampa jina, Kocha wa Paka, na kwa muda mrefu alikuwa akilisikia mgongoni kila anapopita, akigeuka asimwone aliyesema.

Wiki mbili baadaye alikwenda Feri, akamngoja Rispah nje ya duka mpaka wateja walipopungua. Aliomba radhi. Kisha akamuuliza kitu ambacho katika miezi minne hakuwahi kumuuliza, hasa anakula nini.

Rispah alifikiri. "Asubuhi chai na mahamri mawili. Saa nne biskuti. Mchana wali kidogo. Halafu viazi karai hapo mlangoni, vichache tu. Jioni soda ile ndogo na keki. Usiku ugali kidogo."

"Ni mara sita kweli," Sabir alisema, na akainamisha kichwa. Alikuwa amemhesabia milo na hakuwahi kutazama ndani yake.

Alimwambia ajaribu njia ya Nicodemus. Rispah alikataa. "Nikikaa na njaa kichwa kinaniuma na nawafokea wateja. Mimi kidogo kidogo ndiyo inanifaa." Basi waliacha idadi ile ile, wakabadilisha vilivyomo. Mayai yakaja mahali pa biskuti, karanga na tunda mahali pa viazi, na chai ikapungua sukari. Rispah alirudi darasani baada ya mwezi, bila ya kusema kwa nini. Alipungua taratibu. Nicodemus aliendelea na milo yake miwili, na mwaka ulipokwisha wote wawili walikuwa wamepungua karibu sawa, jambo lililowafanya wabishane kila Jumamosi ni nani aliyeteseka zaidi.

Sabir hashiki upande katika ubishi huo. Mtu akija na kumuuliza ale mara ngapi, humuuliza kwanza kazi yake ni ipi, huamka saa ngapi, na ana maradhi gani. Mwenye sukari humwambia aende kwa daktari kwanza, asianze na njaa. Wengine huona ni kocha asiyejua kazi yake na hawarudi. Darasa halijawahi kujaa tena kama zamani.

Nyumbani, Mwanakhamis siku hizi huamka jua likishatoka. Huzungumza na mumewe, humuuliza habari za darasa na za Hussam aliyeko masomoni. Sabir hujichemshia mayai mwenyewe, na huosha sufuria kabla ya kutoka. Mkewe hajamuuliza tena amekula nini wala lini, na yeye hajapata uso wa kumwambia bila ya kuulizwa.