Refa Hulala Butiama

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi na nusu mche wa sabuni. Bwana Utamaduni, ndivyo tulivyomwita Afisa Utamaduni wa Mkoa, alinieleza kwamba sabuni ni ya kufulia jezi za mkoa, na ikiisha nisimfuate kwa sababu hata nyumbani kwake hakuna. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari kwa kibali, na mafuta ya gari yanatafutwa kama dawa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, msichana mrefu wa kijiji cha Kiriba, na nilidhani nimeajiriwa kufundisha watoto mazoezi ya viungo.

"Unajua mpira wa kikapu?" akaniuliza.

"Nimecheza chuoni, mzee."

"Basi utapuliza. Warefa niliokuwa nao wamekimbia wote, na wala siwalaumu."

Waliokimbiwa walikuwa Ghala na Marobota. Ghala ilikuwa timu ya shirika moja la umma pale Musoma, lenye maghala na malori. Jina lake halina kazi hapa, maana lilishakufa. Marobota ilikuwa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Vijana wa leo mnaona watu wakirushiana maneno kwenye simu kwa ajili ya timu za Ulaya, mnadhani huo ndio upinzani. Njooni niwaambie. Fundi seremala mmoja wa Musoma alikataa kutengeneza jeneza hadi ahakikishiwe kuwa marehemu hakuwa Marobota. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Hata wavu uligombewa. Nyavu za goli hazikupatikana dukani, kwa hiyo wavuvi wa Musoma walishona za kwao kutokana na makokoro yaliyochakaa. Watu wa Bunda wakalalamika kwamba macho ya wavu yamebana makusudi, mpira unaning'inia juu na kuwapotezea muda. Wakawa wanakuja na wavu wao ndani ya gunia, nasi tunabadilisha nusu ya pili. Nilipanda ngazi mwenyewe kufunga, kwani hakuna upande uliokubali mwingine aguse goli.

Hapo ndipo ilipotoka desturi ya Butiama. Refa akilala Musoma, Bunda walisema amelishwa samaki. Akilala Bunda, Musoma walisema amelishwa nyama. Bwana Utamaduni akaamua kwamba usiku wa kuamkia mechi refa atalala Butiama, kwa katekista mmoja asiyejua hata mpira una rangi gani, na atakula chakula alichobeba mwenyewe. Nimelala katika nyumba ile mara nyingi, na kiporo changu cha ugali wa muhogo na dagaa. Mama mwenye nyumba alikuwa ananionea huruma, ananiwekea chai mlangoni, nami nairudisha.

Niwaeleze pia jambo moja la sheria, maana siku hizi halipo. Enzi zetu mchezaji aliyepulizwa faulo, yaani kosa la kumgusa mwenzake vibaya, alisimama palepale na kunyoosha mkono juu ili mezani wamwone na kumwandikia. Asiponyoosha, ilihesabiwa kuwa anabishana na refa. Kwa uwanja uliojaa watu kama ule, mkono ulikuwa na maana zaidi. Watazamaji walisubiri mkono. Mchezaji wao akinyoosha, walinung'unika wakakaa. Akikataa, walisimama naye.

Kaka yangu Mafuru alikuwa nahodha wa Ghala. Shirika lilimtoa Kiriba kwa ajili ya urefu wake, likampa ukarani wa stoo, na kwa kazi ile mama yetu alipata sukari, na mtoto wa kwanza wa Mafuru, Majura, akaingia sekondari. Kwa muda mrefu sikupuliza mechi zake. Ghala na Marobota wakikutana, refa aliletwa kutoka Mwanza.

Kisha yakaja mageuzi. Soko likafunguliwa, maduka yakajaa, nasi tukafurahi kuona sabuni ya kila rangi. Upande wa pili mashirika yakaanza kupunguza watu. Meneja wa shirika la kaka aliwaita wachezaji akawaambia wazi kuwa timu ikichukua kombe la mkoa atakuwa na sababu ya kuwatetea pindi wakubwa watakapouliza, na ikishindwa, walioajiriwa kwa mpira watatangulia kwenda nyumbani. Fainali ikawa Ghala na Marobota, uwanja wa Musoma. Refa wa Mwanza akakosa usafiri.

Nilimwambia Bwana Utamaduni kwamba sipulizi, nahodha ni kaka yangu, tumbo moja.

"Nipe jina la refa mwingine," akasema. Sikuwa nalo. Akawauliza viongozi wa Marobota kama wanakubali. Mwenyekiti wao, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeanza kazi kiwandani akiwa kibarua, akaninyooshea kidole.

"Huyu mwache apulize," akasema. "Tunamjuaga. Hata chai ya watu hanywagi."

Nilitamani angekataa.

Kabla sijaondoka kwenda Butiama, wifi yangu alikuja kwangu. Hakukaa.

"Wifi, mimi huo mpira siujui," alisema. "Najua Majura anasomaga kwa sababu baba yake ana kazi. Basi."

Mafuru mwenyewe hakuja wala hakutuma neno.

Ile mechi watu walipanda hadi kwenye mapaa. Sitaisimulia yote. Ghala waliongoza, Marobota wakawafikia, wakaachana tena. Mwishoni Ghala wakawa mbele kwa pointi moja, na muda uliobaki haukutosha hata kuvuka nusu ya uwanja. Kijana mmoja wa Marobota akapenya, akaruka kufunga. Mafuru akaruka naye. Aliupiga mpira ukaenda nje, watu wakalipuka kwa shangwe, lakini kabla ya mpira aliupiga mkono wa yule kijana. Niliona. Nilikuwa nimesimama chini yao kabisa.

Nikapuliza.

Mtu akiwahi kukuambia kwamba refa hafikiri, anafuata macho tu, usimwamini. Nilifikiri. Nilimwona mama, nikamwona Majura na sare yake. Filimbi ilikuwa imeshalia.

Uwanja ukaanza kuguna. Nikaona watu wa mbele wakiinama kuokota mawe. Polisi walikuwa wawili, na mmoja alikuwa shabiki wa Ghala. Mafuru alisimama ananitazama. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na meneja wake yuko pale kwenye kiti. Angetikisa kichwa tu, nadhani nisingekuwa hapa kuwasimulia.

Akanyoosha mkono. Aliunyoosha wote, hadi kiwiko kikanyooka, na hakuushusha hadi watu walipoanza kukaa.

Marobota wakapewa mitupo huru miwili, ile ya kurusha bila mtu kukuzuia, wakaingiza yote. Ghala wakafungwa kwa pointi moja. Haukupita muda mrefu kaka yangu akaachishwa kazi pamoja na timu nzima, akarudi Kiriba kuvua. Majura aliacha shule akamfuata baba yake ziwani. Mama aliniuliza swali moja tu: "Hao watu wa Bunda ni nani kwako?"

Nilihamishiwa Bunda kuwa Afisa Michezo. Nako kiwanda kikafungwa, Marobota wakatawanyika, na uwanja wao ukawa mnada wa mitumba. Yule mwenyekiti mwenye ndevu nilimkuta hapo akichagua koti.

"Mama Refa, tumekwisha," aliniambia. "Ghala wameshakufa, sisi tutamchukia nani? Tulikuwaga tunaamka asubuhi kwa ajili yao." Alisema kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. Nami nilijua anachosema, kwa sababu upinzani ule ulitufanya tushone nyavu, tufue jezi kwa majivu, na tutembee kwa miguu kwenda kutazama mpira tukiwa na njaa. Soko huria lilituletea mipira mizuri ya kila aina, na hatukuwa tena na timu za kuichezea.

Miaka yote hiyo mimi na Mafuru tulikutana misibani. Tulisalimiana kama watu wa kanisa moja. Nilipostaafu walinipa hotuba nyingi na kitenge, wakanisifu kuwa refa asiyenunulika. Wiki iliyofuata nikaenda Kiriba.

Nilimkuta anatengeneza nyavu nje ya nyumba, amezeeka, magoti yamekufa. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha kigoda. Majura alipita na injini ya mtumbwi begani, mtu mzima mwenye mvi, akanisalimu "shikamoo shangazi" kwa adabu kisha akaendelea na kazi zake. Nilimfuata kwa macho. Mafuru naye aliona ninachotazama.

"Nilimgusa," alisema. "Yule wa Marobota. Hapa, kwenye mkono. Uliona sawasawa."

Akavuta uzi wa wavu, akakaza fundo.

"Na bado nasema ungeacha, Nyangeta."

Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimekuja kuomba amani, na pengine uongo mdogo ungetosha kuinunua. Lakini kwa mtu aliyeniokoa na mawe sikuweza kusema uongo.

"Ningepuliza tena, kaka."

"Najua," akasema, akaendelea kushona. "Ungekuwa mwingine, usiku ule ningekuja Butiama kukuomba."