Keria ya Elia Ina Mtu

Kisa hiki sikukisikia kwa mtu. Nilikuwepo, nyuma ya Elia kwa umbali wa kusikilizana, na akili zangu zilikuwa timamu. Tena hakikuanza usiku, maana najua ndilo swali lako la kwanza. Kilianza jua likiwa utosini, kwenye barabara ya kutoka Issuna kwenda Manyoni, mahali peupe ambapo hata mbuzi hapati pa kujificha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, pale bidhaa zilipoanza kurudi madukani na mkulima akaruhusiwa kumuuzia mazao yake amtakaye. Elia alikuwa mkulima wa Mgori, rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja shuleni. Mimi nilizaliwa mjini Singida, kwenye duka la baba. Bibi yangu aliletwa na mumewe kutoka Bagamoyo akiwa msichana, na alikuwa akitusimulia bahari mpaka tukaichoka. Elia akija nyumbani alimchokoza.

"Bibi, maji ya chumvi hata ziwani Singidani hapo yapo. Hayo ya kwenu yana nini zaidi?"

"Singidani waona ng'ambo, mjukuu wangu," bibi alimjibu siku moja. "Nenda kaone maji yasiyo na ng'ambo."

Elia alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Mwaka alioiuza alizeti yake vizuri alinunua baiskeli mpya ya Kichina, akaja nayo mpaka dukani akipiga kengele.

"Twende tukaone hayo maji."

"Si tupande basi?"

"Kwenye basi utaona migongo ya watu tu."

Kwao Mgori walimshangaa. Baiskeli ni ya kubebea magunia na kumpeleka mgonjwa zahanati. Baba yake alimwuliza kama huko baharini kuna msiba. Hata hivyo tuliondoka, kila mmoja na baiskeli yake. Blanketi, sufuria, unga na tyubu za akiba tulivifunga vyote kwenye keria moja, tukabebeana kwa zamu. Mwenye keria tupu alitangulia kukata upepo.

Tulilala Issuna kwa mjomba wake Elia, tukaondoka alfajiri. Mchana, mzigo ulikuwa kwangu na Elia alikuwa mbele. Lori lilitupita likatumwagia vumbi jekundu hadi kwenye kope. Vumbi lilipotua tukamwona mzee amesimama kando ya barabara. Alijifunga shuka nyeupe kiunoni, na nyingine aliitupia bega la kushoto. Miguu ilikuwa mitupu. Hakuwa na mfuko, fimbo wala kibuyu cha maji.

Mimi nina tabia ya kuangalia vitu vidogo. Niliona mambo mawili kabla hatujasalimiana. Lile vumbi lililotugeuza sisi rangi halikuwa limemgusa. Na bega lake la kulia, lililokuwa wazi, lilikuwa na sugu nene kama kisigino.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mwenda wapi?"

Alisema kama bibi yangu, Kiswahili cha Mrima kabisa. Elia, ambaye tangu mjini alikuwa akilijibu swali hilo kwa majivuno, akasema, "Baharini!"

"Nami niendako ni huko. Nipakie."

Elia alidhani ni utani, naye si mtu wa kushindwa utani. Akapigapiga keria yake. "Panda, babu. Ila sheria ya baiskeli unaijua. Mlimani abiria anashuka mwenyewe. Ukinishukia kila mlima bila kuambiwa, nitakufikisha mpaka majini."

"Nitashuka," mzee akasema. "Nawe nifikishe."

Akapanda. Hakuuma mtu, hakubadilika kuwa mnyama. Angefanya hivyo labda tungekimbia.

"Mzee huyu ni pamba tupu!" Elia alinipazia sauti. "Huo unga wako unamshinda uzito!"

Nami nikiwa nyuma niliona kuwa ni kweli. Alama ya tairi lake mchangani ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliye peke yake. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza mzee alishuka bila kuambiwa, akatembea pembeni. Nikatazama chini. Nyayo za Elia zilikuwepo. Za mzee hazikuwepo. Nilitaka kusema, nikaona aibu. Utamwambiaje rafiki yako, jua kali namna ile, kwamba abiria wake hana nyayo?

Juu ya mwinuko akapanda tena, na safari hii tairi lilibonyea kidogo. Mwinuko uliofuata akashuka, akapanda, likabonyea zaidi. Ndivyo ilivyokwenda. Kila aliposhuka na kupanda alirudi mzito kuliko alivyoshuka. Tulipoiona Manyoni jua lilikuwa limepoa, na Elia alikuwa amesimama juu ya pedali, shati limemganda mgongoni, hana utani tena.

Tulipata chumba kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kigogo, mnene, mwenye kelele. Mzee alikataa kuingia. Alibaki ameketi kwenye keria uani, na asubuhi tulimkuta vilevile. Nikamwomba mama yule chai ya watu watatu.

"Watatu? Jana mmeingia wawili. Au mmeniingizia mtu dirishani?" akacheka.

"Huyo babu kwenye baiskeli."

Akachungulia uani. Aliangalia baiskeli, si mzee. Stendi ilikuwa imezama kwenye ardhi ngumu kama imepigiliwa kwa nyundo, na tairi la nyuma lilikuwa limekaribia kugusa ringi. Kicheko kikamkatika.

"Wanangu, huyo mtu wenu mlimpakia wapi?"

Tukamwambia.

"Nani alisema kwanza anakokwenda? Nyie au yeye?"

"Mimi," Elia akasema. Mama akapiga makofi taratibu, kama watu wanavyofanya msibani. "Huku kwetu, kwenye barabara hiyo, mtu akiomba keria husemi unakokwenda mpaka aseme yeye kwanza. Zamani wapagazi wa kutoka pwani walikuwa wakipita humu na mizigo begani. Wengi hawakurudi kwao. Sasa nyie mmemtajia bahari!"

Nilimvuta Elia chumbani, nikamwambia tuiache baiskeli palepale uani, tupande gari, turudi Singida. Ya kwangu ningeiacha pia. Elia alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Ameshuka kila mlima," akasema. "Umeona mwenyewe. Mtu akikutimizia masharti unamkimbiaje?"

"Hata kama si mtu?"

"Mimi nimesema nitamfikisha. Sikuuliza ni nani."

Mbele ya Manyoni, barabara ya Dodoma inashuka Bonde la Ufa, na mteremko ule haukuwa mchezo hata kwa malori. Tulisimama juu yake. Spoki moja ya gurudumu la nyuma ilikatika, halafu nyingine.

"Babu," Elia akasema kwa adabu, "naomba ushuke hapa. Breki hazitakuweza."

"Ulinambia mlimani," mzee akajibu, bila ukali wowote. "Huu ni mteremko."

Elia aliteremka yeye, akaushika usukani na kuanza kuitembeza. Nililaza baiskeli yangu chini, nikaenda kuishika keria kwa nyuma. Mkono wangu uligusa lile bega la kulia. Lilikuwa na baridi ya mtungi uliokaa kivulini. Niamini, mpaka leo kiganja hiki sikipendi.

Baiskeli ilituponyoka wote wawili. Nasema ilituponyoka, ila Elia hakuachia. Ilimburuza mpaka kwenye kona, na nilipomfikia alikuwa chini, mguu wa kulia umegeukia upande usio wake. Baiskeli ilikuwa wima kwenye stendi yake, haina hata mkwaruzo. Mzee alikuwa amesimama kando yake.

Alimwinamia Elia kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. "Pole, mwanangu," akasema. "Ukipona tutaendelea."

Nilipoinua macho kutafuta gari, akawa hayupo.

Lori lilitupakia mpaka hospitali, na baiskeli pia. Mguu uliunga vibaya, Elia anachechemea hadi leo. Bahari hakuiona. Baiskeli aliirudisha Mgori, akaitengeneza. Walioiazima wote walilalamika jambo moja. Kwenye tambarare ni nzito kama imepakia gunia la mahindi, lakini ukifika mlimani inakuwa nyepesi. Baiskeli gani huwa nyepesi mlimani? Wao walishangaa. Sisi hatukushangaa.

Baadaye nilikwenda Bagamoyo kwa basi, nikajaza maji ya bahari kwenye chupa ya soda, nikamletea Elia. Aliyamwaga kwenye keria, tukakaa tukiitazama. Kesho yake chuma kilianza kutu. Uzito haukupungua.

"Hataki kuletewa," Elia akasema. "Anataka kufika."

Sasa sisi wenyewe tunaitwa babu. Majuzi Elia alikuja mjini, akaniambia kwamba mguu umepona kadiri utakavyopona, na kwamba hataki kuondoka duniani na deni la mtu mwingine, wala bila kuyaona maji yasiyo na ng'ambo. Sikumbishia. Nimeshabadilisha matairi ya yangu. Mizigo nitabeba mimi, safari hii hakuna zamu. Mteremkoni tutafunga kamba nyuma ya keria, tuishushe taratibu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, barabara ile siku hizi ni ya lami, lakini bado ni ileile. Mtu akikuomba lifti hapo, mwache ataje kwanza aendako. Na ukiwaona wazee wawili wakiendesha baiskeli kuelekea mashariki, mmoja anachechemea kila anaposhuka, tusalimie upite. Usituulize tunakokwenda. Na hata kama umechoka namna gani, usiombe kukaa kwenye ile keria inayoonekana tupu.