Ufa Nilioupaka Plasta

Nakumbuka siku moja mji wetu wa Garissa uliamini, nami nikiwa mstari wa mbele, kwamba wachimba kisima wamemchoma sikio fahali anayeibeba dunia kwenye pembe zake. Ndiyo maana, tuliambiwa, ardhi ilitikisika mchana ule mpaka sufuria zikacheza ngoma. Mtu mmoja wa sokoni akaongeza kwamba fahali hatatulia mpaka nyufa zote zizibwe kabla ya Ijumaa, maana kila ufa humkumbusha jeraha lake. Usicheke, mwanangu. Niliamini kwa moyo, kwa ini na kwa figo zote mbili.

Basi leo nilipokuona na karai la saruji, kwa sababu ya kitetemeko cha juzi, nikasema keti kwanza.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na cheti changu nilikibeba kifuani kama ngao. Methali niliyoipenda kuliko zote ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachukua mwiko, nikaenda kwa mama yangu mdogo, Habaryar Halima, mtaani Iftin. Nyumba yake ya matofali ilikuwa imepata nyufa, na katika chumba cha ndani alikuwamo mkaza mwanawe, Deqa, aliyejifungua siku hizo hizo. Mila yetu unaijua: mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie, anafukizwa uunsi, yaani ubani wetu, na kunyweshwa mchuzi. Nilipaka plasta ambayo ingefika hadi mji wa Diff na nyingine ikabaki. Ukuta ukang'aa. Nikamwambia Habaryar nyumba imepona, Deqa alale raha mustarehe. Akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kesho yake akaja mhandisi wa majengo, binti wa watu wa Wajir, kukagua nyumba zipi zinafaa kukaliwa. Hakuanza na ukuta. Aliufunga na kuufungua mlango wa Deqa, ukakwama. Akagusa plasta, bado mbichi. Akauliza fundi ni nani. Ukoo mzima ukaninyooshea kidole, na hata mbuzi nadhani aliinua kwato.

"Waryaa, wewe kijana, umeziba nini hapa?"

"Ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Umeuziba, au umeuvisha kanzu?"

Akaibandua plasta yangu. Chini yake ufa ulipanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, ukikata matofali yenyewe, ukatokeza upande wa pili. Ule wa sebuleni, niliouogopa zaidi kwa urefu wake, alisema ni ngozi tu: plasta ya zamani imechanika, matofali ni mazima. Juu ya ule wa dirishani akabandika kipande cha kioo kwa saruji; kikivunjika, alisema, ujue ukuta bado unatembea. Kisha akataka mzazi na mtoto watoke.

Habaryar akakataa. Arobaini ni arobaini. Mhandisi hakubishana na mila. Aliuliza tu kama mila inataka paa lile hasa, au paa lolote. Habaryar akafikiri, akacheka, akaita majirani. Kabla ya alasiri wanawake walikuwa wamesimamisha aqal uani, nyumba ya fito na mikeka kama zile za wafugaji wa Sangailu, na Deqa akahamia humo na uunsi wake.

Tulikuwa tumetoka kusali alasiri ardhi ilipotikisika tena. Aqal ikayumba kama ngamia anayeinuka, ikatulia. Mtoto hakuamka. Ndani ya nyumba, kioo kilikatika na kona ya ukuta ikaangukia kitanda kitupu. Nilikaa mchangani. Habaryar aliniwekea mkono kichwani, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaniletea chai.

Ukuta ulijengwa upya, mimi nikichanganya saruji. Na mtoto yule ndiye babako, ambaye leo humaliza nusu mbuzi na kuuliza nyama iko wapi.

Kwa hiyo weka karai chini, mwanangu. Ardhi ikitikisika, toa watu kwanza. Uache ufa uonekane na anayejua kuusoma, naye akuambie kama umechanika ngozi au umevunjika mfupa. Hapo ndipo uzibe. Hata ufa wa ndugu na ndugu uko vivyo hivyo. Maneno matamu juu yake ni plasta mbichi. Mola akupe kuta zitakazokuzidi umri, mlango usiomkwamia mgeni, na watoto wanaolala ardhi ikicheza.

Na fahali? Mhandisi alipokuwa akipanda gari nilimkimbilia, nikamuuliza tumtulize vipi. Alinitazama kwa huruma.

"Kaka, hakuna fahali. Kuna miamba chini ya ardhi, inasukumana. Ikiteleza, tunatikisika."