Bahasha za Kliniki ya Kifua

Mume wangu na jirani yetu seremala walianza kukohoa mwaka uleule, pale mtaani kwetu Mbotela, wakaenda pamoja kliniki ya kifua. Wote waliambiwa ni TB, na kwamba wataalamu wanapima dawa mpya. Wakakubali, wakatia kidole gumba. Jirani alipewa vidonge vya miezi sita. Mume wangu alipewa sindano na vidonge, mwaka mmoja na nusu.

"Bado unadungwa tu, bwana?" jirani alimtania alipomaliza vyake. "Matako yatakuwa chujio hayo!"

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Jirani alitoka Murang'a, sisi Machakos, na karani aliyeandika majina alisalimiana na jirani kwa lugha yao. Nikamuuliza sista kwa nini dawa si moja.

"Mama, utafiti ndivyo ulivyo," alisema, hata macho hakuinua.

Nilirudi nyumbani nikijua tunafichwa jambo.

"Baba watoto, hao wanakujaribia dawa. Usirudi huko."

"Na kikohozi?"

"Si kimepungua?"

Kweli kilikuwa kimepungua. Akaacha sindano, akarudi kuendesha lori. Mvua ndefu zilipokuja alianza kutema damu. Tulipomrudisha, hakumaliza mwezi.

Baada ya mazishi nilipeleka kadi yake kliniki. Sista mwingine, mtu mzima, alinikalisha akauliza kwa nini marehemu aliacha dawa. Nikamweleza yote, na habari ya kabila pia.

"Kwani hamkuambiwa? Ilikuwa kura, mama. Kila mgonjwa alifunguliwa bahasha iliyotaja dawa yake. Hata daktari hakujua kilichomo. Nyinyi kwenye chama chenu cha akina mama cha kuchangiana si mnaokota karatasi, kujua nani apate sufuria mwezi huu?"

"Tunaokota."

"Basi ni hivyo."

"Na dawa yake ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa ile ya zamani. Inaponya, mtu akiimaliza."

Sikumwamini. Nilimwomba nizione hizo bahasha. Akafungua kabati, akaniwekea mapajani rundo la zile ambazo hazijafunguliwa. Nilizigeuza moja moja nikitafuta alama, jina, chochote cha kututenga. Zilikuwa na namba tu.

Sista alichukua faili, akauliza aandike nini mahali pa sababu ya kuacha dawa.

"Andika mke wake alimkataza," nilimwambia. "Halafu uandike kwamba mke hakuelezwa."