Mvinyo wa Mstari Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuumwagilia mzabibu maji kila jioni. Nilianza nikiwa mtoto, nikaendelea kwa bidii, na kwa muda mrefu niliamini hilo ndilo jambo pekee ninalolifanya bila dosari. Nakwambia wewe kwa kuwa unanijua: mtu wa kurudi kutoka njiani kuhakikisha mlango umefungwa, mtu wa kuandika ukurasa mzima upya kwa ajili ya neno moja. Ukinipa kazi, nitaifanya mpaka niiharibu.

Juzi nilikuwa Kimara, nyumbani kwa shangazi aliyenilea. Nilisimama juu ya stuli uani nikikata matawi ya mzabibu huo kwa mkasi wake wa zamani wa kushonea. Pale nilipokata, mti ukaanza kudondosha maji, tone baada ya tone, maangavu kama machozi. Harufu yake ya ubichi ikanishika. Nikashuka, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, nikawa tena yule mtoto aliyekuwa akikaa hapo hapo kusubiri giza liingie.

Familia ya baba ilikuwa na shamba la zabibu Dodoma. Babu yake baba alikuwa mtunza bustani wa misheni, na mapadri walimpa vipande vya matawi akavipanda nyuma ya nyumba yake. Tangu hapo ikawa desturi: mtoto akizaliwa katika ukoo anapandiwa mstari wake wa mizabibu, kutoka njiani hadi kwenye ua wa minyaa. Hakuna aliyesema shamba la fulani. Walisema mstari wa fulani umepata ukungu, mstari wa fulani umezaa sana mwaka huu. Mstari wa shangazi ulikuwa karibu na zizi. Wangu ulikuwa wa mwisho kabisa, unagusana na minyaa.

Mama alifariki ningali nabebwa mgongoni. Nilipofika umri wa kuanza shule, baba aliona hawezi shamba na mtoto kwa pamoja, akanileta kwa dada yake Dar es Salaam. Tulishuka basi Kimara, jua kali, yeye akiwa na dumu la mvinyo mkono mmoja, mkono mwingine ameshika gunia lililoloweshwa. Ndani ya gunia mlikuwa na kipande cha tawi kutoka kwenye mstari wangu. Akakipanda uani, nyuma ya bafu, akakichomekea mti wa kuegemea. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Huu ukizaa, nitakuja tukamue wote."

Asubuhi aliondoka. Sikulia. Nilikwenda kuangalia kama tawi limeota.

Ngoja nikueleze kuhusu ule mvinyo, maana ndio uliotupatia heshima katika nyumba ile ndogo. Ulikuwa mwekundu wa kuelekea weusi. Shangazi alipouinua dirishani, ukingo wa glasi ulionyesha rangi ya damu ya mzee, ile ya utulivu, na katikati hukuona kitu. Ulinukia ganda la zabibu, moshi kidogo, na ile harufu ya Dodoma mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Baba alikamua kama baba yake alivyokamua: zabibu zilizoachwa mtini mpaka zianze kunywea, zikapondwa kwa miguu, zikaachwa na maganda yake kwenye mapipa ya misheni. Hakuongeza sukari. Alisema anayeongeza sukari hana subira.

Tatizo lilikuwa joto la Dar. "Mvinyo ukiona joto unageuka siki," shangazi aliniambia. Jokofu hatukuwa nalo, kwa hiyo dumu lilipofika tuliumimina kwenye chupa za juisi zilizochemshwa, tukazifunga kwa vizibo na nta ya mshumaa, kisha tukazizika ndani ya sanduku la mchanga chini ya kitanda chake. Kazi yangu ilikuwa kuunyunyizia mchanga ule maji kila jioni usikauke. Niliipenda kazi hiyo. Nilijilaza tumboni kwenye sakafu ya saruji, nikaingiza mkono, nikahisi ubaridi, na shingo za chupa zimejipanga kimya. Shangazi alinisifu: "Mkono wako unajua kutunza."

Sasa unaona nilivyopotea. Nilifundishwa kwamba kilicho cha baba hutunzwa kwa maji. Nikayachukua mafundisho ya chini ya kitanda nikayapeleka uani.

Na maji ya Kimara enzi zile yalikuwa ya kubembeleza. Bomba lilikohoa hewa wiki nzima. Tulinunua kwa wenye mikokoteni, madumu yamefungwa kwa mipira, na kila mtu nyumbani alikuwa na kopo lake la kuogea. Mie nilioga uso na miguu, mengine nikayapeleka kwenye mzabibu. Nilimwaga polepole kuzunguka shina, nikingoja ardhi inywe, nikimwaga tena. Shuleni watoto walinisogelea kisha wakasogea mbali. Mwalimu wangu aliwahi kuniuliza kama nyumbani hakuna sabuni. Nilisema ipo. Ilikuwa kweli, sabuni ilikuwepo.

Mzabibu uliota. Ulipanda mti wa kuegemea, ukashika kamba ya kuanikia nguo, ukalifunika paa la bafu. Majani yake yalikuwa makubwa kuliko kiganja cha shangazi, ya kijani cha kung'aa. Kila asubuhi kabla ya shule niliyainua moja moja kutafuta vishada. Palikuwa na majani chini ya majani.

Mama jirani, Mzaramo mwenye maneno, alikuwa akinitazama kutoka ng'ambo ya ua wa makuti. Yeye hakugusa mvinyo, dini yake haikumruhusu, lakini kila dumu lilipokuja shangazi alimpelekea bakuli la zabibu kavu alizozifunga baba pembeni, na mwezi wa Ramadhani sisi tulipata futari kwenye bakuli hilo hilo.

"We mtoto," alinisemesha jioni moja, "huo mti unaunywesha au unauogesha?"

"Shikamoo. Naumwagilia, utazaa."

"Marahaba. Huo hauzai, baba. Dume huo, kama ule mpapai wangu niliokata. Una kazi ya kupendeza tu." Akageukia mlango wetu wa jikoni. "Shoga, mwambie kijana aukate, mpande mnazi."

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Muache," akasema. "Ni wa kwake."

Usiku ule nilijifunika shuka mpaka kichwani nikifikiri, je, kama ni dume kweli? Baba hakusema nitakuja Krismasi, wala likizo. Alisema ukizaa. Siku iliyofuata niliongeza maji.

Ilipofika Krismasi shangazi alifukua chupa moja. Wageni walikuwa akina mama wa jumuiya, wamevaa vitenge vya sare, wali unanukia iliki. Mie nilipewa mvinyo kwenye kijiko cha chai, si zaidi, na niliushika mdomoni bila kumeza nikijaribu kuionja mikono ya baba. Ulikuwa mkali kwanza, kisha ukakaa, kisha kwa mbali ukawa mtamu.

Ndiyo miaka ambayo maduka yalianza kujaa. Vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikawa vinapangwa barazani: sabuni za rangi, biskuti za makopo, na mvinyo wa ng'ambo.

"Dada, bado mnakunywa ya dumu?" mgeni mmoja aliuliza akicheka. "Siku hizi zipo za kizungu, chupa imevikwa dhahabu shingoni."

"Hiyo dhahabu inanyweka?" shangazi akamjibu.

Wakacheka wote. Yule mgeni alikunywa, akasogeza glasi aongezewe. Nilifurahi kama niliyesifiwa mimi. Sikujua kwamba hiyo mivinyo ya kizungu ilikuwa imetufikia hadi Dodoma: wanunuzi waliozoea kuja na malori wakati wa mavuno walikuwa wamepungua, na zabibu za watu zilikuwa zinaozea mtini.

Dumu la mwisho lililetwa na kondakta wa basi. Kamba ya kulifungia haikuwa fundo la baba. Kondakta alisema amepewa na mtu mwingine, na salamu ni kwamba baba ameenda machimboni kwenye dhahabu, shamba limebaki kwa baba mdogo. Shangazi alisimama kando ya barabara ya Morogoro, dumu miguuni, akilitazama basi mpaka likapotea upande wa Ubungo. Kisha akanishika bega. "Beba upande huu," akasema. Tulilibeba wawili hadi nyumbani.

Kwa muda baba alituma salamu kupitia watu. Halafu watu wenyewe wakawa hawajui yuko mgodi gani. Mie niliendelea kumwagilia. Sikuwa mjinga, nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa. Lakini ahadi ilikuwa haijavunjwa, maana mti ulikuwa haujazaa. Mradi hauzai, baba hajachelewa.

Nilipomaliza shule niliondoka Kimara kwenda kupanga chumba Temeke, na kazi ya maji ikakosa mtu. Mchanga chini ya kitanda ukakauka. Mzabibu nao ukakauka majani, ukakonda, na nilipokuja siku moja kuusalimia nikakuta umetoa kishada. Kidogo, cha punje za kuhesabika, zimechelewa kuiva. Nilisimama pale nikihisi nimepigwa.

Sikuwahi kusomea kilimo. Nilianza kusoma vipeperushi na kuulizauliza, hata nikaenda Dodoma kumuuliza baba mdogo. Alikuwa amekwisha kuing'oa mizabibu yote. Mahali pa mistari palikuwa na mtama, na wa kwangu niliutambua kwa ule ua wa minyaa tu. Alinieleza akiwa anachekea kitu anachokijua kila mtoto wa kule: mzabibu ukinywa kila siku unaota majani. Lazima uunyime maji ukae na kiu, uukate bila huruma, ndipo uupe. Ukishiba daima hauna sababu ya kuzaa.

Nilirudi moja kwa moja Kimara, nikamkuta shangazi yuko jikoni. Shangazi amekulia katika mistari ile. Alikuwa amekata mizabibu kabla sijazaliwa.

"Shangazi, ulijua?"

Alijua naulizia nini. Aliendelea kukatakata vitunguu.

"Nilikuwa nakuona unalala na vumbi magotini ili mti unywe," akasema. "Ningekwambia, ungeacha. Ukiacha, mti ungezaa. Mti ukizaa, wewe ungekaa pale kizingitini kumngoja baba yako." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na vitunguu vilikuwepo vya kusingizia. "Nikaona bora ungoje zabibu."

Nilichukua kitunguu kimoja nikaanza kukimenya. Nilichotaka kumjibu ndicho hiki ninachokuandikia wewe.

Mwaka ule tulifukua chupa ya mwisho iliyobaki sandukuni, tukaifungua. Ilikuwa siki tupu. Shangazi aliionja, akakunja uso, akaimimina kwenye kachumbari. "Haitupwi," akasema. Tulikula kachumbari hiyo na samaki wa kukaanga, na mama jirani akapelekewa zabibu mbichi za ule mti aliouita dume. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kimara sasa imejaa nyumba mpaka mabondeni. Maduka yana mvinyo wa kila nchi, na nikiwa na fedha huwa nanunua, nauinua dirishani kutafuta ule weusi wa katikati. Baadhi ni mizuri sana. Wa mstari wangu sijaukuta, na zabibu za Kimara hazitoshi hata kujaza chupa moja. Nilijaribu, nikarudia, nikamwaga. Mapipa ya misheni sijui yalikwenda wapi. Ile mikono iliyojua siku ya kuvuna sijui iko wapi.

Mzabibu sasa unazaa kila mwaka. Tunavuna mimi na shangazi.