Swali la Muuguzi wa Asubuhi

Muuguzi huyo ana mikono ya baridi na sauti ya mpiga mbiu. Hunyoosha shuka, huchungulia kidonda bila kukunja uso, kisha huuliza wodi nzima ikisikia: "Babu, umejamba?" Mzee, aliyetolewa mfuko wa nyongo lakini uchungu ukabaki pale pale, hutazama ukutani. Zamani jambo hilo angeulizwa na mzee mwenzake, kwa kunong'ona, baada ya habari za nyumbani. Lakini njaa haina adabu, na bila kujamba, ijulikane utumbo umeamka baada ya upasuaji, hapewi uji. Leo akaamua kudanganya: "Tayari, mjukuu wangu." Muuguzi akapachika kipimo masikioni, akalisikiliza tumbo, akatikisa kichwa. "Tumbo linakukana, babu." Wodi ikaangua kicheko, na mzee naye kikamponyoka. Akaukumbatia mto juu ya kidonda, kama alivyofundishwa, asije akachanika kwa kucheka. Hapo ukatoka mlio kama wa turubai linalopasuka. Muuguzi hakucheka. Alichomoza kichwa mlangoni, akaita jikoni: "Leteni uji wa babu, amejamba!" Mzee akajifunika shuka gubigubi, akabakiza nje mkono mmoja wa kupokelea kikombe.