Petroli Iliyokuwa Ikiishia Titye

Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mume wangu ana mwanamke Titye. Andika hivyo, mjukuu wangu, wala usilainishe.

Babu yako ana gari dogo la mizigo. Hununua maharage kwa mjane mmoja wa Titye na kuyapeleka Kibondo. Miaka yote tangi moja liliitosha safari hiyo, kwenda na kurudi hapa Kasulu. Ghafla likawa halitoshi. Akaanza kurudi giza limeingia, na koti lake linanuka petroli. Mimi sikusoma, lakini pua ninayo. Nikasema moyoni: anajipaka petroli ili aiue harufu nyingine.

Kwetu shauri la namna hiyo mke hulipeleka kwa shangazi wa mumewe, na shangazi hapokei machozi, anataka ushahidi. Kwa hiyo asubuhi moja aliposema anapita gereji, nami nilipanda.

Fundi alichomeka kifaa chake chenye kioo chini ya usukani.

"Bibi, unaona mstari huu ulivyolala? Hii ni sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kuunusa moshi kwenye ekzosi. Imekufa, kwa hiyo injini inadhani mafuta ni machache, inajimiminia tu."

"Na harufu kwenye koti lake?"

"Petroli isiyoungua. Inatoka na moshi."

"Na kuchelewa?"

"Milimani gari linakosa nguvu."

"Una jibu la kila kitu. Mmeyapanga lini haya?"

Mume wangu alicheka. "Muulize pia sensa hiyo ni ya ukoo gani."

Sikucheka. Nilimtaka fundi anionyeshe sensa nzima inavyofanya, kwa kuwa wanaume hufichiana. Aliifungua ile iliyokufa, nyeusi kwa masizi kama sufuria ya kuni, akafunga nyingine, akaiacha injini ipate moto. Mstari ukainuka, ukashuka, ukainuka tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Kusoma sijui, lakini hilo nililiona. Kwa shangazi sikuwa tena na la kupeleka.

Ilinipasa kufurahi. Lakini sasa petroli ilikuwa inabaki, na mume mwenye petroli ya kubaki anaweza kwenda popote. Safari iliyofuata nilikaa kiti cha mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Titye."

"Kufanya nini?"

"Kutazama maharage."

Mjane alitoka kutupokea. Alikuwa na meno mazuri, jambo ambalo sikulipenda. "Mwakeye, dada," alinisalimu, akanipangusia benchi kwa upande wa khanga yake. Nilimtazama macho, mikono, hata namna alivyosimama mbali na mume wangu kwa heshima. Sikupata kosa la kumshika nalo.

Kisha akaliinamia bomba la moshi la gari.

"Mzee, leo hamna moshi mweusi. Kumbe ulilipeleka kwa fundi kama nilivyokushauri?"

Mume wangu akaanza kukaza kamba ya mzigo iliyokuwa imekwisha kukazwa.

Nyumbani kwangu hakuwahi kutamka neno moja juu ya moshi. Ugonjwa wa gari lake niliujulia kwa fundi, mbele ya watu, nikiuliza kama mgeni. Mjane huyu aliujua zamani, na ushauri wake ndio uliofuatwa.

Tulirudi Kasulu. Gari lilipanda milima yote bila kuchoka.